Kiti Ulichokataa Kukikalia

Meru mjini,
Ijumaa, saa saba mchana.

Kaka Nyaga,

Kabla ya salamu nataka ujue jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio. Mtu wa kwanza kusema baba amekufa hukuwa wewe. Nilikuwa mimi. Nilisema hivyo mwaka jana, siku niliyofika hapa, nimesimama mlangoni kwa Mzee Salim na kifurushi cha nguo mkononi. Aliniuliza baba yangu yuko wapi, nikamjibu amekufa. Sikulia. Yeye ndiye aliyevua kofia yake, akanipa pole, akamwita mkewe aniletee chai ya tangawizi na chapati. Nikala. Chapati ya kwanza ya matanga ya baba yetu niliila mimi, na ilikuwa tamu.

Sasa salamu. Hujambo? Mimi sijambo. Nakuuliza hali kwa sababu mama alitulea kusalimu hata mtu tuliyemkuta akitoka shambani kwetu na mahindi yetu. Tumbo lako ni zima? Miguu? Usingizi je? Hasa usingizi ningependa kupata habari zake.

Nakuandikia Kiswahili. Juzi nilijaribu Kiembu, lakini lugha yetu ina neno la heshima la kumwitia kaka mkubwa, na sikutaka kulitumia, na bila neno hilo kila sentensi ilianguka chini. Nikajaribu Kiingereza cha shule, kikatoka kama barua ya kuomba kazi. Kiswahili nilikisoma kwa masista, na hapa kwa Mzee Salim nimekila na kukinywa mwaka mzima. Nimeona kwamba kinaweza kumkasirikia mtu huku kimevaa kanzu safi. Hicho ndicho ninachotaka leo.

Hujawahi kuniuliza ninafanya kazi gani, kwa hiyo nitasema bila kuulizwa. Nashona viti vya magari. Masista walinifundisha mashine kwa ajili ya magauni na vitambaa vya altare, lakini Mzee Salim alipouona mshono wangu alisema mkono unaoweza kola unaweza kiti, kwa maana vyote viwili vinabeba mtu asiyetulia. Babu yake alikuja Meru na biashara, akaoa, akabaki. Karakana yake ina pande mbili. Mbele ni upande wa sindano, yeye na mimi. Nyuma ni upande wa nyundo, na huko anatawala Fundi Mwiti, Mmeru mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Yeye huniita Bibi Kimya. "Bibi Kimya, leo umesema maneno mangapi? Usiyamalize, bakiza ya kesho." Mimi huinama na kuendelea kukanyaga mashine.

Magari mapya hatuyaoni sana. Magari mapya ni ya wakubwa. Sisi tunafufua ya zamani, yale ya kabla ya vita na hata ya kabla ya hapo. Mwiti husema kuna namna tatu za kufufua gari, na kila namna ina wazimu wake.

Ya kwanza ni ya mzungu mmoja wa huko Timau. Alileta gari la marehemu baba yake, akataka lirudi kama siku lilipotoka kiwandani, hadi taa za gesi ambazo hazimulikii hata kuku. Mwiti alimtengenezea skrubu nne nzuri kuliko za kale. Mzungu akazitupa nje kwenye majani, zikatafutwa za kale. Mwiti akasema kwa Kimeru, ili mwenyewe asisikie, kwamba bwana huyu anataka maiti aliyenyolewa vizuri.

Ya pili ni ya wachuuzi wa miraa. Hao hawana huruma. Gari la watu wanne linaingia asubuhi likiwa na viti vya ngozi, Mwiti analipiga msumeno nyuma ya kiti cha dereva, na baada ya wiki mbili linatoka na sanduku la mbao mgongoni, madirisha ya wavu ili miraa ipumue, springi zimeongezwa jani moja kila upande. Mzee Salim anaipenda namna hii. Anasema gari lililokatwa ili likafanye kazi halijaonewa.

Ya tatu ni ya vijana kama wewe. Gari lazima lionekane limezaliwa jana. Madigadi ya kale yanang'olewa, yanabandikwa ya gari lililopinduka mwaka juzi. Taa zinazamishwa ndani ya bodi. Springi zinapunguzwa ili tumbo likaribie ardhi, hata kama barabara ya Nithi italikwangua lote kabla ya Chuka. Rangi mbili, krimu juu na damu ya mzee chini, na nikeli inayong'aa hadi mtu anaweza kuchania nywele kwenye bampa. Ndani, injini ni ile ile ya kikohozi. Mwiti anaiita namna ya bwana harusi: suti ni mpya, shati la ndani limechanika.

Ulikuja Jumanne ya mvua. Nililisikia gari kabla ya kuliona, maana injini ile hukohoa mara mbili kisha humeza, na ni gari gani jingine linalomeza? Nikainua kichwa, nikaiona Njogu. Wewe ulikuwa mkubwa baba alipoinunua kwa yule padre mzee, lakini mimi nilikuwa mdogo, na nilipoona mwili ule mweusi wenye turubai mgongoni nilidhani ni tembo kweli, njogu kwa Kiembu, ndiyo maana jina lilibaki. Gari lililopeleka wagonjwa wa kwetu Kanja hospitali. Gari lililobeba ndizi za jirani zetu na mbuzi wao na mabibi harusi wao. Lilikuwa mbele yangu, na taa zake mbili zilizosimama kama macho ya chura, na magurudumu yake ya vijiti vya mbao, limejaa tope.

Kobia ndiye aliyekuwa kwenye stelingi, yule dereva wa miraa wa Kangeta. Wewe ulishuka upande wa abiria, koti la khaki la homgadi wa serikali, kofia mpya. Uliitazama mashine yangu. Kisha ukanitazama mimi, usoni kabisa, Nyaga, muda wa mtu kuhesabu hadi tano. Kisha ukamwuliza Mzee Salim, "Huyu msichana anajua kazi?"

Akakujibu najua kuliko yeye.

Nilinyamaza. Unajua nilivyo. Hata darasani nilikuwa nalijua jibu na kulimeza. Niliogopa kwamba ukisema mimi ni dada yako, Mzee atauliza habari za baba, na uongo wangu utatoka nje. Na wewe, sasa najua, uliogopa hilo hilo. Tukasimama pale, watoto wa tumbo moja, tumekuwa wageni, kila mmoja akimshukuru mwenzake kimoyomoyo kwa kukaa kimya.

Mzee Salim ana sheria moja. Hakati gari kabla ya kumjua mwenyewe. Alimwambia Mwiti amsomee kadi ya gari, na Mwiti akasoma jina la baba kwa sauti, mbele yangu.

"Huyu si wewe," Mzee akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Ni baba yangu. Alikufa."

"Lini?"

"Mwaka huu. Huko walikompeleka."

Mzee Salim akasema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, na mvua ikaendelea kupiga mabati. Nilishona mshono mzima wa mto wa kiti bila uzi kwenye sindano. Niliona baadaye, nilipovuta kitambaa kikaachana. Kwetu mtu hatamki kifo cha aliye hai, bibi alituambia neno kama hilo likitoka hutembea mpaka limfikie mwenyewe. Nilidhani neno langu limetembea mwaka mzima na sasa limefika. Nilidhani nimemwua.

Halafu Mzee akataka kupima kiti cha dereva.

Mafundi wengine hupima kwa futi wakamaliza. Mzee Salim husema kiti ni kiatu. Lazima mwenye gari aketi kwenye kiti cha zamani, ashike stelingi, afumbe macho kama anayeendesha, naye humchora kwa chaki mabegani, kiunoni, nyuma ya magoti. Akakuambia uingie. Ulifungua mlango. Uliweka mkono juu ya fremu, ukainua mguu kuelekea ubao wa kukanyagia. Na mguu ukabaki hapo. Ulisimama kama jogoo kwenye tope.

Ukasema buti zako ni chafu. Mzee akasema tope huoshwa. Ukasema mgongo unakuuma kwa safari. Mzee akasema vizuri, ndiyo maana nataka kukupima, nikushonee kisichouma. Ndipo ukamgeukia Kobia ukamwambia aketi yeye, mnalingana kimo. Kobia akasema yeye si bwana harusi, lakini akaingia akaketi, akafumba macho, akaanza kukoroma kwa mzaha. Watu wote wakacheka, na Mwiti akasema kwamba hajawahi kuona kijana anayetaka gari lakini anaogopa kuliingia, labda lina chawa.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua. Mzee Salim hangeweza kujua, si desturi ya kwao. Kwetu mtoto wa kiume hakalii kiti cha baba yake aliye hai. Akikikalia amemzika. Ulikuwa na miaka tisa uliporuka juu ya kigoda cha baba siku ile ya wageni, na mama, ambaye hakuwahi kukupiga, alikuchapa kwa mwiko hadi mwiko ukapasuka, kisha akakiosha kigoda kwa maji ya moto. Na kama baba ni marehemu kweli, basi ni wewe mkubwa unayepaswa kukikalia, mchana, watu wakiona, ili ijulikane nyumba ina mtu. Ungekikalia kwa fahari. Ungekikalia na buti zako.

Tena unajua kuendesha. Ulijifunzia lori la misheni. Lakini kutoka Kanja hadi hapa ulimtafuta Kobia aketi mahali pale, na wewe ukakaa kando kama mke mgeni.

Kwa hiyo nilijua baba yu hai. Nilijulishwa na mguu wako. Mdomo ulisema amekufa, na mguu ukakataa kutoa ushahidi.

Kabla hujaondoka ulimwambia Mzee kiti kile kichomwe chote, mbao na majani, na ushonewe kipya, chekundu. Ulisema "chote" mara mbili. Kisha ukaenda zako kwa miguu kwenye mvua, hukuniangalia tena.

Wiki ile niliandika barua yangu ya kwanza ya ujasiri maishani. Niliiandika kwenda kwa baba, kwenye kambi ya kizuizini alikopelekwa na serikali, anwani nikiikumbuka kutoka kwenye ile karatasi ambayo mama alikuwa akiiweka ndani ya Biblia. Niliandika mistari minne tu, kwa Kiswahili, ili wale wanaofungua barua wasichoke wakaitupa. Jibu likaja kwa sanduku la posta la Mzee Salim. Ni mimi ninayechukua barua zake na kumsomea, kwa hiyo hakuna aliyeona. Ni kadi ndogo, mwandiko si wake, lakini maneno ni yake, ningeyajua hata gizani. Nakunakilia:

"Binti yangu, niko hai. Meno mawili yametoka, mengine yanatosha. Nimewaandikia nyumbani mara tatu, sijaona jibu. Mwambie mama yako asiuze ng'ombe mwekundu. Njogu isisimame sana bila kuwashwa, itaota kutu."

Mara tatu, Nyaga. Na barua zote za kijiji zinapita mezani kwa hedimani, na mezani kwa hedimani karani ni wewe.

Nimekaa na kadi hiyo wiki sita. Hilo nalo nakiri. Nimeilaza chini ya godoro na nimeilalia juu. Ningeweza kumtumia mama neno tangu siku ya kwanza. Lakini pasi yangu ya kukaa mjini ilipatikana kwa sababu Mzee Salim alikwenda mwenyewe kwa bwana shauri, akasema huyu ni yatima, mimi namdhamini, akatia dole gumba lake kwenye karatasi. Binti wa mtu aliye kizuizini hapewi pasi hiyo. Ikijulikana, nitarudishwa kijijini nyuma ya handaki linalolindwa na homgadi, na yeye ataulizwa kwa nini alidanganya serikali, na hakudanganya, mimi ndiye niliyedanganya kwa kutumia kidole chake. Kila siku nilisema kesho. Wakati mimi nasema kesho, Mwiti alikuwa akikata.

Nilitazama yote. Nisingeweza kutotazama, kati yetu na wao kuna pazia la gunia tu. Alianza na turubai. Akang'oa madigadi, akayatupa pembeni, na ubao wa kukanyagia ambao mimi na wewe tulikuwa tukisimama juu yake baba akienda polepole kutoka barabarani hadi nyumbani. Akakata taa za chura kwa msumeno, akaziba matundu kwa bati na kulehemu. Vijiti vya mbao vya magurudumu alivipasua kuwa kuni, tulichemshia chai. Sikuinywa. Nilimwambia Mama Zainabu, mke wa Mzee, kwamba tumbo linaniuma. Mwiti alikuwa akiimba. Sina ugomvi naye, hakujua anamkata nani. Hata alinisikitisha, maana jioni moja aliegemea lile bodi akasema, "Lilitunzwa hili, Bibi Kimya. Mwenyewe alikuwa akilipaka mafuta hadi chini ambako hakuna anayeona. Mwanawe hatalipaka."

Sasa limekuwa kama ulivyotaka. Liko chini, linang'aa, krimu na damu ya mzee. Ukilipitisha sokoni watu watageuka. Njogu imekuwa mende aliyepakwa mafuta.

Kimebaki kiti, na kiti ni kazi yangu.

Mzee Salim alinituma nikakichome kama ulivyoagiza. Nilikipeleka uani, nikakifungua. Ndani kulikuwa na katani ya kiwandani kidogo tu. Iliyobaki ilikuwa nyuzi za migomba yetu na manyoya ya mbuzi, baba alikuwa akiongeza mwenyewe kila mwaka kinapolegea. Upande wa kushoto palikuwa na bonde, kwa ajili ya nyonga yake iliyovunjika. Niliweka mkono wangu ndani ya bonde lile. Kisha nikachoma magunia matatu mabovu, moshi ukapanda, Mzee akauona akaridhika. Zile mbao, zile nyuzi, lile bonde, nilivirudisha vyote kama vilivyokuwa, nikavifunika kwa ngozi bandia nyekundu uliyoichagua, mshono mara mbili, vifungo vilivyovikwa kitambaa. Ni kazi yangu nzuri kuliko zote. Mzee aliipapasa akasema kimekuwa kizito kidogo. Nikasema ni katani mpya.

Kwa hiyo sasa unajua. Unakuja Jumatatu kulichukua gari. Kiti chako chekundu kinakusubiri, na ndani yake ni kile kile. Ukiketi, utakuwa umeketi. Usiseme hukuambiwa. Mwanzoni sikutaka kukuambia. Nilitaka uketi bila kujua, uendeshe hadi Kanja ukipiga honi, halafu mimi nijue peke yangu ulichofanya. Nilifurahia wazo hilo siku nyingi, nilikuwa nalala nalo. Ndiyo, mimi, Bibi Kimya. Nakuambia si kwa huruma kwako. Nakuambia kwa sababu ukiketi, anayezikwa si wewe.

Najua utasema nini. Utasema hedimani alikuwa anaitolea Njogu macho. Utasema gari la mtu wa kizuizini huchukuliwa, lakini gari la marehemu humfuata mwanawe, na kwamba ulisema amekufa ili liokoke. Huenda ni kweli. Mimi nami nilisema amekufa ili nipate pasi. Sisi wawili tunafanana kuliko ninavyoweza kuvumilia, na ndiyo maana nikikuchukia sijui mkono wangu usimame wapi. Lakini gari ulilotaka kuliokoa umelikata vipande, Nyaga. Hakuna anayeokoa mbuzi kwa kumchuna. Na hedimani akilitaka, basi alichukue likiwa gari la mtu aliye hai.

Na mama? Kobia aliniambia wiki iliyopita. Alisimama Kanja kunywa uji, akamwona mama njiani na kichwa kilichonyolewa. Alidhani ni ugonjwa. Akauliza, akaambiwa ni mjane, mama wa karani wa hedimani. Ulimwacha anyoe. Ulikaa ukatazama nywele za mama zikianguka, na barua tatu za mumewe ziko kwenye droo yako, ili uongo uwe na sura ya msiba. Mimi nilimdanganya mgeni mwenye huruma, na nitalijibu hilo. Wewe ulimdanganya mama. Neno la kukuitia kwa hilo sijalipata katika lugha zote nilizosoma.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Leo asubuhi Kobia alipokuja kutia maji kwenye rejeta ya gari lake, nilitoka nje nikamsomea kadi ya baba. Aliniomba nirudie. Nikarudia mara tatu hadi akaikariri yote, pamoja na ng'ombe mwekundu. Hakufanya mzaha hata mmoja. Alisema, "Kumbe uko na sauti, dada." Atapita tena baada ya swala kuichukua barua hii, na kesho atakuwa Kanja. Atakupa wewe barua kwanza, mkononi. Kisha atakunywa uji wake polepole. Ukienda kwa mama kabla hajamaliza kikombe, ukamwambia mwenyewe kwa mdomo wako, na kumsomea zile barua tatu, basi umemwambia wewe, na mimi sitasema nani alinyamaza. Usipokwenda, Kobia atakwenda. Nimechagua uji kwa sababu ni wa moto, usidhani una muda mrefu.

Nisalimie mama, lakini salamu zangu zisitangulie habari za baba. Mwambie nywele zitaota. Nisalimie bibi, mama mzaa baba, ambaye najua hakuamini, kwa sababu Kobia anasema amekataa kunyolewa na watu wanamwita mkaidi. Nisalimie shangazi Ciarunji na mtoto wake mdogo, sijui ameanza kutembea. Nisalimie katekista aliyenipa nauli ya kuja huku, umwambie nitamwandikia barua yangu mwenyewe, ana haki ya kusikia dhambi yangu kutoka kwangu. Hedimani usimsalimie.

Nataka kumalizia kwa upole nashindwa. Nilikupenda sana ulipokuwa ukinibeba juu ya ubao wa kukanyagia umenishika kwa mkanda wa gauni. Basi.

Watu wanatoka msikitini. Nasikia makubadhi ya Mzee Salim uani, hukokota kidogo la kulia. Tangu nianze kuandika, kila alipopita mtu nimefunika karatasi hii kwa kipande cha ngozi nyekundu, hata paka. Yeye hasomi herufi hizi, anasoma za Kiarabu tu. Ningeweza kusema naandika hesabu ya vifungo, naye angeamini, kama alivyoamini siku ile mlangoni. Akishajua, hatakupa gari Jumatatu, hampi mtu kitu cha mwenyewe aliye hai. Wala sijui kama mimi nitalala hapa leo. Nguo zangu ni chache, nilizikunja asubuhi.

Amefika kwenye pazia. Nimeondoa kile kipande cha ngozi, nimekiweka sakafuni. Karatasi iko wazi juu ya meza. Atauliza ninaandika nini, na nitamsomea kwa sauti.

Mimi,
binti wa baba yako aliye hai,
Ruguru.